Kuku Walale Wapi: Kwenye Mbao au Kwenye Plastiki?

Ukitembea mitaa yetu ya Voi wakati wa jioni utaona kwamba karibu kila ua una kuku. Si kuku wengi. Ni watano, wanane, au kumi na kitu, wa kienyeji, wa kutatua shida ndogo ndogo ambazo mshahara hauzifikii. Kwetu ni mitetea 14 na jogoo mmoja, na mayai yao ndiyo yanayonilipia chakula cha mchana hapa shuleni. Nakwambia hivyo ili ujue kwamba makala hii siiandiki kwa kujifurahisha. Kuku wale wakiacha kutaga wiki mbili, mimi hushinda njaa hadi saa kumi.

Mwaka huu kizimba chetu cha zamani kilianguka. Mchwa walikuwa wamekula miguu yote minne, kikawa kimesimama kwa mazoea tu. Mama akanituma niulize bei. "Pesa iliyopo ni ya kizimba kimoja," alisema, "kwa hivyo usiniletee hadithi, niletee jibu."

Majibu niliyokutana nayo yalikuwa mawili. Fundi mmoja wa jua kali alitaka shilingi 9,500 kwa kizimba cha mbao cha futi 8 kwa futi 4, pamoja na mabati na waya wa kuku. Upande wa pili kulikuwa na jamaa anayenunua matangi meusi ya maji yaliyopasuka, anayakata mlango na kidirisha, kisha anayauza kama nyumba za kuku kwa shilingi 4,000. Maneno yake yalikuwa matamu ajabu. Eti tangi haliliwi na mchwa, tangi haliozi, tangi unaliosha kwa sabuni na kitambaa kama sahani. Ukimsikiliza dakika tano utatoa pesa papo hapo.

Na kwa kweli kizimba cha plastiki si kioja. Huko Uingereza, mwaka 2004, kampuni iitwayo Omlet ilianza kuuza kizimba cha plastiki chenye jina la Eglu, na watu wa mijini wenye bustani ndogo wakakipenda. Sababu moja ya kukipenda ni kwamba hufunguliwa kikaoshwa kwa urahisi, wadudu wakakosa maficho. Mdudu anayeogopwa sana kule ndiye huyu huyu anayetusumbua sisi, nami nitamweleza kwa urefu kwa sababu wafugaji wengi hawajawahi kumwona. Anaitwa utitiri.

Utitiri hafiki hata milimita moja. Mwalimu wa biolojia asije akanisahihisha: ana miguu minane, kwa hivyo ni ndugu ya kupe na buibui. Usimchanganye na chawa. Chawa wa kuku hukaa juu ya kuku usiku na mchana, ukifunua manyoya utamwona. Utitiri ni mwizi hasa, mchana hayupo. Hujibanza ndani ya nyufa za mbao, nyuma ya misumari, chini ya gome, mahali popote penye kigiza karibu na kuku wanapolala. Usiku kuku wakishatulia, hutoka, hupanda miguuni, hunyonya damu, na kabla ya mapambazuko huwa amekwisha kurudi kwake. Mwenye njaa ni wa kijivu, aliyeshiba ni mwekundu. Penye joto, yai lake linaweza kuwa mdudu mzima anayetaga kwa muda wa wiki moja hivi. Na hata ukiwahamisha kuku wote ukaacha kizimba kitupu, anaweza kukaa miezi bila kula, akingoja tu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilimwona mdudu huyu akifanya kazi kwa nyanya yangu, Wundanyi, likizo ya Desemba. Banda la nyanya limejengwa kwa mabanzi, yale maganda ya gogo yanayobaki mbao zikishapasuliwa, na gome lake bado limeng'ang'ania. Mtetea mmoja aliyekuwa akiatamia aliacha mayai yake siku ya kumi na nne akakataa katakata kurudi. Wengine walikuwa wamepauka vilemba kama karatasi, na mayai yamepungua. Nyanya alidhani ni nyoka. Usiku tulikwenda na tochi. Wee! Chini ya fito ya kulalia palikuwa kama pamemwagwa pilipili ya unga, na pilipili yenyewe inatembea.

"Mjukuu wangu," nyanya alisema, "kumbe miaka yote hii nafuga hawa, si kuku."

Hapo ndipo mbao inaposhindwa, wala hakuna haja ya kuitetea. Kila kiungo cha mbao na mbao ni chumba cha kupanga cha utitiri. Kila ufa ni mtaa mzima. Tangi la plastiki ni kipande kimoja, halina kiungo, na ukuta wake ni laini. Lau ningeishia Wundanyi, ningerudi nyumbani nikamwambia mama tununue tangi, na mazungumzo yangekwisha.

Lakini Wundanyi iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Voi haifiki mita 600. Kule asubuhi kuna ukungu na sweta; huku saa tatu asubuhi unatafuta kivuli. Jirani yetu mmoja alikuwa amenunua tangi kama lile. Siku moja ya Februari, mwezi ambao hapa kwetu hata mbuzi huegemea ukuta, alikwenda matangani Mwatate, na kwa kuogopa nguchiro akawaacha kuku wamefungiwa ndani. Aliporudi saa kumi alikuta sita wamekufa, midomo wazi, mabawa wameyatandaza. Wote walikuwa wamepandana kwenye kidirisha. Nilikwenda kumsaidia kuwatoa. Niliweka kiganja kwenye ukuta wa tangi, upande wa jua, na sikuweza kuhesabu hadi tano.

Yule mama hakulia, alikaa tu kwenye kibao akiwatazama. Kuku sita, hata ukiwauza kwa shilingi 800 kila mmoja, ni shilingi 4,800. Tangi lilimla pesa zaidi ya bei yake kwa alasiri moja.

Sasa, kwa nini? Kuku hana tezi za jasho. Joto la mwili wake ni kama nyuzi 41, na hewa ikipita nyuzi 30 hivi utamwona anaanza kutweta, mdomo wazi, koo linachezacheza. Kutweta ndiko kutoa jasho kwake: maji yanatoka mwilini kama mvuke na joto linatoka nayo. Ndani ya tangi lenye kidirisha kimoja mvuke huo hauna pa kwenda. Hewa hujaa unyevu, na ikishajaa, kutweta hakumpoozi tena hata atwete vipi. Ongeza ile rangi nyeusi, ambayo kila aliyesoma fizikia ya kidato cha kwanza anajua inavyonywa joto la jua. Weusi huo ni wa kaboni, umetiwa makusudi ili mionzi ya jua isiharibu plastiki upesi. Kwa maji ya kunywa ni jambo la maana. Kwa kiumbe anayepumua ni balaa.

Tena kuku si lazima afe ndipo uhesabu hasara. Anapotweta sana hupoteza hewa ya ukaa kutoka kwenye damu, na ganda la yai limeumbwa kwa kalisiamu kaboneti, ambayo bila hewa hiyo haitengenezeki vizuri. Matokeo yake ni mayai yenye ganda jembamba yanayopasuka kabla hayajafika dukani. Mwenye duka hataki kusikia habari za kaboneti. Anahesabu yaliyopasuka na kukurudishia.

Mtu ataniuliza, mbona kile kizimba cha Uingereza hakiui kuku? Kile kina kuta mbili zilizoachiwa nafasi ya hewa katikati, kimetobolewa njia za hewa, na jua la Uingereza unalijua. Tangi letu lina ukuta mmoja mwembamba na lilitengenezwa kuzuia kitu kisipite, si kupitisha.

Kuna na jambo la maji. Plastiki haifyonzi chochote. Kinyesi na mvuke wa pumzi hubaki juu juu, takataka ya sakafuni inalowa, na baada ya siku chache unasikia ile harufu ya amonia inayochoma macho. Ndiyo maana lazima tangi lioshwe mara kwa mara, na hapa Voi bomba hutoa maji siku linazotaka lenyewe. Mtungi wa lita 20 tunanunua. Mbao hufyonza unyevu kidogo usiku na kuutoa mchana, nawe ukitandaza maranda ya seremala na kuyabadilisha, huhitaji maji mengi. Hili hata watu wa milimani walisikie: usiku wa baridi ukuta wa plastiki hutiririka matone, na kuku mwenye manyoya mabichi huugua kifua upesi.

Basi nikawa nimekwama kati ya mdudu na jua. Nilipotulia ndipo nilipoanza kukitazama kizimba kipande kwa kipande. Utitiri hana habari na ukuta wa mbali. Anataka pale kuku wanapolala na pale wanapotaga. Joto nalo halina habari na fito wala kiota; linapitia kwenye paa na ukuta. Adui wawili, na kila mmoja ana mlango wake. Kwa nini basi kizimba kizima kiwe cha kitu kimoja?

Tulichojenga ni hiki. Ukuta ni mbao futi mbili za chini, ili upepo na vumbi visiwapige kuku wakiwa wamelala, na kutoka hapo hadi paani ni waya. Tumenunua mabanzi kwa sababu ndiyo ya bei nafuu, lakini yote tumeyabandua gome. Kazi hiyo ilinichubua vidole jioni mbili, na kama kuna kitu kimoja tu utakachoshika katika ukurasa huu, shika hicho: banzi lenye gome usiliingize kwenye kizimba. Urefu wa kizimba tumeulaza kutoka mashariki kwenda magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige ncha fupi, na kimekaa chini ya mwarobaini. Mabati ya paa ni yale yale ya zamani, ila tumeyainua shubiri moja juu ya ukuta, na mwanya huo tumeuziba kwa waya ili hewa moto itoke. Watu walitushauri tuweke makuti juu. Yanapooza kweli, lakini nyoka na panya nao wanayapenda, nikakataa.

Miguu imeinuliwa futi mbili kutoka chini, na kila mguu umesimama ndani ya mkebe wa rangi wenye oili chafu ya gereji. Mchwa hupanda kwa kujenga vichuguu vya udongo juu ya mguu. Mbele ya oili hawana njia. Siafu vilevile, na aliyewahi kuamka asubuhi akakuta siafu wamewamaliza vifaranga anajua kwa nini nawataja. Mkebe ufunikwe na kibati chenye tundu la kupitisha mguu, ili kuku wasinywe ile oili na mvua isiijaze. Wengine huipaka oili hiyo mbao zote. Mimi sipendi, kwa kuwa kuku hudonoa kila kitu. (Ndovu nao hupita huku kwetu mara moja moja kutoka mbugani, lakini hao hawali mayai na hakuna kizimba cha kuwazuia.)

Sasa chumba cha kulala. Fito za kulalia ni mbili, za futi 8, mbao ya 2 kwa 2 iliyopigwa randa na kuviringwa kingo. Kila kuku anahitaji kama inchi 8 za fito, kwa hivyo 15 wanatosha na nafasi inabaki. Nilifikiria kutumia paipu ya plastiki, lakini paipu inateleza, na kuku halali vizuri asiposhika kitu. Kwa hivyo fito zikabaki za mbao, ila hazikupigiliwa msumari hata mmoja. Zimelazwa kwenye vipande vya mbao vilivyochongwa pengo, unaziinua na kuzitoa. Kila Jumamosi nazitoa, nazimwagia maji yanayochemka, hasa kwenye ncha, kisha nazianika. Utitiri hastahimili maji moto. Wala huhitaji ndoo nzima. Birika mbili zinatosha.

Viota ndivyo vya plastiki. Kiota kimoja kinatosha kuku wanne au watano, nasi tuna vinne. Kila kimoja ni mtungi wa lita 20 wa mafuta ya kupikia, uliolazwa ubavu na kukatwa upande mmoja, ukiachwa ukingo wa chini ili mayai yasiviringike nje. Ndani yake ni nyasi kavu na konzi ya jivu. Mtungi uko kivulini ndani ya kizimba cha mbao, haupati jua, kwa hivyo ile sumu ya joto haupati nafasi ya kuileta. Ukichafuka unautoa, unaumwaga, unauosha, unakauka kabla hujamaliza kufagia. Makali ya mahali ulipokata uyafunike na mpira wa bomba uliopasuliwa, vinginevyo yatamkata kuku kifua. Na tafadhali, usitumie mtungi uliowahi kubeba dawa ya kunyunyizia mimea, hata uuoshe mara ngapi.

Gharama zilikuwa hivi: mbao na mabanzi shilingi 3,900, waya 1,600, misumari na bawaba na komeo 700, mitungi 400, na fundi wa siku moja 1,000. Jumla 7,600. Fundi wa kwanza alinuna. Kila ukimwomba apunguze hutaja ile marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma iliyotangazwa Februari 2018, kama kwamba miti yote ya Kenya ilikatazwa kwa ajili yake peke yake. Ni kweli kwamba mbao zilipanda bei wakati ule. Mama alitazama karatasi yangu, akauliza swali moja tu: "Na hili la tangi ni elfu nne?" Nikamwambia ndiyo, mama, na nikamkumbusha kuku wa jirani. Akafungua kibeti.

Simwambii kila mtu atupe tangi. Ukiwa umekwisha kulinunua, lilaze ubavu mahali penye kivuli cha mti siku nzima, si cha asubuhi tu. Likate madirisha makubwa pande mbili zinazotazamana, juu, upepo uingie huku na kutoka huku, uyazibe kwa waya. Lipake rangi nyeupe ya mafuta kwa nje, maana chokaa haishiki kwenye plastiki. Na mchana usiwafungie kuku ndani kwa sababu yoyote. Kama kuna nguchiro, zungushia wavu nje. Kwa wizi, tangi na mbao ni mamoja. Mwizi mwenye kisu moto hupita kwenye plastiki, na mwenye nondo hupita kwenye mbao. Kufuli na mbwa ndio wanaosaidia.

Kumjua utitiri kama yuko, chukua karatasi nyeupe ya daftari, ibandike chini ya fito jioni, uitazame asubuhi mapema kabla ya kuja shuleni. Kama kuna vumbi la kijivu, lipanguse kwa kidole. Likiacha mstari mwekundu, hiyo ni damu ya kuku wako, na maji ya birika yachemshwe siku hiyo hiyo. Kwetu, tangu Mei, karatasi imetoka safi kila wiki isipokuwa moja.

Nyanya amesikia habari hizi lakini banda lake hataki kulivunja, eti babu ndiye aliyelijenga. Tumekubaliana tuanze na magome, kisha tung'oe misumari ya zile fito zake. Mitungi minne nimekwisha kuikata na kuiosha, inangoja matatu ya Wundanyi.